Udongo Mweusi Juu ya Kisima Changu

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida iliponishika. Mvua ilikata kijijini kwetu Haneti, uwele ukakaukia shambani ukiwa bado haujafika goti, ng'ombe wa baba wakafa mmoja mmoja, na baba mwenyewe hakuumaliza mwaka. Mama akanitoa shule. Sikulia, maana shule yenyewe ilikuwa na viboko vingi kuliko chaki. Nikapewa kibuyu na kata, nikaambiwa niende mtoni. Mto wa kwetu ni mchanga. Unachimba kwa mikono mpaka uone ubichi, unakaa, unangoja maji yajikusanye, unachota kidogo kidogo, na nyuma yako wamesimama akina mama wenye hasira wanaoona unachelewa makusudi.

Elimu yangu ni hiyo. Naandika polepole, lakini naandika mwenyewe, kwa hiyo mtu asije kusema bibi kaandikiwa.

Nilikuja Dodoma mjini nikiwa msichana. Nikafua nguo za watu, nikapika pombe ya mtama, nikawauzia mafundi waliokuwa wakijenga nyumba za wakubwa. Nikaolewa, nikafiwa. Kiwanja changu nilikipata wakati hapa ni pori la miiba, na walionicheka leo wanapanga kwangu. Kisima nilikichimbisha mwenyewe, nikivuta kamba ya udongo huku mtoto yuko mgongoni. Mafundi walipogonga mwamba wakataka kupanda juu waondoke. Nikawaambia, "Pandeni, lakini pombe imekwisha." Wakarudi chini wakapasua. Maji yakatoka, tena matamu. Anayeyajua maji ya visima vya Dodoma, yale ya chumvi ambayo chai inakataa kukolea, ataelewa kwa nini siku ile nilipiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Tangu hapo bomba likikata, mtaa mzima unakunywa kwangu. Ndoo zinapangwa mpaka barabarani.

Sasa juu ya kisima, upande yanakotokea maji ya mvua, kuna korongo. Zamani mji ulipokuwa mdogo, korongo lile ndilo lilikuwa dampo. Kila kitu kilitupwa humo: betri za magari, oili chafu za gereji, makopo ya dawa ya kupulizia mizabibu, viatu, mizoga. Mji ulipokua ukatufikia, dampo likafungwa. Kufungwa kwenyewe ni kumwagiwa udongo kidogo juu, kama paka anavyofukia. Kila mvua ikinyesha, korongo linatoa jasho jeusi lenye harufu ya chuma. Tulilalamika miaka. Viongozi wa mtaa walibadilika, na kila mmoja alikuja kuliangalia korongo, akaziba pua, akaondoka.

Halafu siku moja, bila kutegemea, wakaja watu wa mradi. Mkubwa wao alikuwa binti mhandisi, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, kavaa mabuti yaliyomzidi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuziba pua na wewe?"

Akacheka. Akasema amekuja kusafisha, lakini kwanza anataka maji yangu akayapime. Nikamchotea. Akajaza vichupa, akaviweka kwenye boksi lenye barafu kama anasafirisha samaki. Baada ya muda akarudi, akakaa kwenye kigoda changu, akaniambia hivi: "Bibi, maji yako bado mazima. Sumu ya dampo haijafika hapa. Lakini iko njiani, na njia yake ni huu mteremko. Tukiiondoa korongoni kabla ya mvua nyingine chache, kisima kitapona. Tukichelewa, nitakuja hapa na kufuli, nikufungie."

Nilimpenda kwa kunisemea wazi namna ile. Nikampa mlenda na ugali, akala akamaliza.

Kazi ikaanza kiangazi. Mashine ikachimba korongo upande wa kwetu, ikatoa taka zilizooza za miaka yote, ikazirundika juu ukingoni. Mpango ulikuwa zihamishiwe kwenye shimo jipya, mbali, lililotandikwa plastiki nene ili zisichuruzike tena. Shimo likachimbwa, plastiki haikuja. Eti iko njiani. Mashine ikazimwa, wakalifunika lundo kwa maturubai, wakazungushia utepe mwekundu, wakapigilia kibao cha HATARI, wakaweka mlinzi.

Hapo ndipo walipokosea. Ardhi yetu ni nyekundu, ngumu, imechoka. Mizabibu inataka samadi, na samadi haitoshi, maana mifugo imepungua na mashamba yamezidi. Sasa unawachimbulia watu wa namna hii lundo la udongo mweusi, laini, unaong'aa kama umepakwa mafuta, halafu unaufunika turubai, unauzungushia utepe na kuuwekea mlinzi! Mgogo gani wa hapa kwetu ataamini kwamba hicho ni kitu kibaya? Kitu kibaya hakilindwi. Watu wakasema wakubwa wanataka kuuhamishia kwenye mashamba yao huko nje ya mji, na hicho kibao cha hatari ni cha kutufukuza sisi wanyonge. Mlinzi mwenyewe alikuwa wa kwanza kuchota, kwa ajili ya mchicha wa mkewe.

Mimi sikujua. Nilikuwa Mpwapwa kwenye msiba wa upande wa mama, na msiba wetu hauishi upesi. Niliporudi, nikashuka kwenye bodaboda, nikaona alama za mkokoteni wa punda zinatoka korongoni zinapita moja kwa moja mpaka kwenye shamba la wifi yangu.

Shamba hilo liko katikati ya korongo na kisima changu. Marehemu mume wangu ndiye alimpa dada yake, ndani ya kiwanja nilichotafuta mimi, na hilo nalo tuliache. Nikapanda. Wifi alikuwa ameshapogoa mizabibu, na kila shina lilikuwa limefukuliwa na kujazwa udongo mweusi, shamba zima, safu kwa safu. Nikainama nikachukua konzi moja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha betri.

"Wifi," nikasema, "huu umeutoa wapi?"

"Uliko." Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula karanga.

"Unajua ni sumu?"

"Sumu! Angalia mchicha wa mlinzi ulivyo. Sumu inaotesha?"

"Mvua ikinyesha, hii yote inateremka kisimani."

"Kisimani kwako," akasema, akatema ganda. "Ndiyo maana una uchungu. Wifi, wewe tangu uolewe kwetu hujapenda nipate kitu. Kaka angekuwepo usingepanda huku kuniinamia inamia shambani."

"Kaka yako angekuwepo angekunywa maji ya kisima kilekile."

"Kaka yangu hakuwa anakunywa maji, unamjua."

Hapo nilitaka kucheka na sikutaka kumpa faida hiyo. Nikashuka kwa hasira, nikampigia binti mhandisi.

Alikuja siku ileile. Aliposimama kati ya mizabibu sikuona tena kicheko. Akaniambia, na mpaka leo nayakumbuka maneno yake: "Bibi, sisi tumeitoa sumu mbali, wao wameisogeza mlangoni kwako. Ilikuwa inahitaji mvua nyingi kufika. Sasa inahitaji mvua moja kubwa." Akaangalia juu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki, yale ya uongo yanayotangulia ya kweli.

"Basi leteni mashine mtoe."

"Mashine haiingii kwenye mizabibu, bibi, itang'oa yote. Na shamba ni mali ya mtu. Wakiutoa wenyewe wakaurudisha mpaka kwenye lundo, mimi naupokea wote na sitamuuliza mtu jina."

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Mwenyekiti wetu ni mtu mzuri, tatizo lake anapenda kila mtu amsifu, kwa hiyo hawezi kumkataza mtu kitu. Akafungua kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" tukaitikia, akazungumza maendeleo mpaka jua likatupasua vichwa. Binti mhandisi akasimama akaeleza vizuri, kwa Kiswahili kinachoeleweka, madini gani yamo kwenye betri na yanamfanya nini mtoto kichwani. Watu wakasikiliza. Wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akauliza kama huyo binti ameolewa. Mwingine akauliza plastiki itafika lini, na hapo kila mtu akamgeukia binti, naye akasema tu iko njiani.

"Wameshindwa kazi yao," wifi akasema kwa sauti, "sasa wanataka sisi tuwasaidie bure kubeba uchafu."

Wakapiga makofi. Wale wanaopanga foleni kwenye kisima changu, wanaokuja na ndoo zao hata bila kunisalimia, nao wakapiga makofi! Nilisimama nikawaambia, "Kuanzia kesho kila mtu akachote kwa wifi."

"Nina kisima mimi?" wifi akauliza, na watu wakaangua kicheko, mkutano ukaisha hivyo.

Nilikaa nyumbani nimenuna. Nilifikiria kuweka kufuli mwenyewe, wakione. Nilifikiria kwenda kuufukua usiku na jembe langu. Mambo ya kipuuzi, maana magoti haya hayatoboi safu mbili. Vibarua niliowatafuta walikataa wote. Nani ataingia shamba la mtu bila mwenyewe kumwita, akapigwe?

Hapo kwenye neno hilo nikasimama. Bila mwenyewe kumwita.

Kwetu kazi kubwa ya shamba inaitiwa pombe. Mwenye shamba anapika, anatangaza siku, watu wanakuja na majembe yao, wanalima wanaimba, jua likipanda wanakunywa. Hakuna anayeuliza kwa nini unalima huku na si kule. Umeita, umepika, watu wanafanya unachosema. Hata mtu mliyenuniana naye anakuja, na asipokuja ataonekana yeye ndiye mwenye roho mbaya. Ila lazima aite mwenye shamba. Pombe ya jirani haiwezi kulima shamba lako. Ikilima, jirani amekutangaza kwamba wewe ni maskini, huna cha kuwapa watu, na hilo ni tusi ambalo watoto wako watalikumbuka.

Kwa hiyo pombe ilitakiwa iwe ya wifi. Na mpishi wa pombe wa mtaa huu, anayejulikana tangu kulipokuwa pori, ni mimi. Nadhani unaona nilipobanwa.

Nikapanda tena kwa wifi. Sikwenda mikono mitupu, nilibeba kuku.

"Umekuja kuniloga?" akauliza.

"Nimekuja kukupikia pombe."

Nikamwambia: mtama wangu, kimea changu, kuni zangu, mapipa yangu. Pombe itapikwa kwangu lakini itahamishiwa kwako kabla watu hawajaamka. Wewe ndiye utatangaza siku ya kuufukua udongo. Wewe ndiye utagawa kata. Watu watakushukuru wewe, na mimi nitakuja na jembe kama mtu yeyote.

"Na wewe utakaa kimya?"

"Nitakaa kimya."

"Wewe?" Akacheka mpaka karanga alizokuwa anatafuna zikamwingia njia siyo. Akakohoa, kisha akawa mtu wa biashara. "Na mizabibu yangu? Mkitoa udongo, mashina yatabaki wazi kama meno. Mtajaza nini?"

Nilijua litafika hapo. Nyuma ya zizi langu nilikuwa na lundo la samadi ya mbuzi, imelala miaka, imeiva, haina hata harufu. Niliitunza kwa ajili ya mizabibu yangu mwenyewe.

"Samadi yangu," nikasema. Neno lilitoka kama jino linalong'olewa.

"Yote?"

"Wifi, usinitafute."

"Yote, mke wetu. Shamba ni kubwa."

Nikasema yote.

Nikapika. Sijawahi kupika pombe kwa hasira namna ile, na haikuharibika, ilitoka nzuri kuliko ya harusi yangu. Mawingu yalikuwa yanakuja na kuondoka. Kila jioni nilikuwa nanusa upepo kama mbwa.

Siku ya kazi watu wakajaa. Wale wale wa makofi, na majembe, machepe, matoroli, na punda wa mkokoteni uleule. Binti mhandisi akaja na glovu na mabuti ya kuwagawia, akasema kwa adabu kwamba hakuna kunywa mpaka kila mtu anawe kwa sabuni, na nguo za kazi zikafuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

"Mwanangu," mzee yule wa kuuliza ndoa akamwambia, "tangu nizaliwe sijawahi kunawa nikaenda kunywa pombe. Nitalewa kweli?"

"Utalewa babu, tena utaishi ulewe na mwakani."

Hapo wakampenda. Wakavaa. Mwanamume mmoja alivaa glovu zote mbili mkono mmoja, kwa ubishi tu.

Wakachimba. Sikuwa nimetazamia, lakini walipoanza kufukua wenyewe, kelele zikapungua. Kila shina lilitoa kitu. Betri, tena betri, vioo, sindano, kifuniko cha kopo lenye picha ya fuvu. Mama mmoja aliyekuwa na bustani ya mchicha upande wa pili alishika kile kifuniko muda mrefu, akakiweka kwenye toroli, akaondoka bila kuaga. Nikadhani amekasirika. Akarudi anasukuma toroli la kwake, limejaa udongo mweusi wa bustani yake, na mchicha juu yake. Akamwaga kwenye lundo. Baadaye mlinzi naye akaleta wa kwake, anajifanya anakagua. Hakuna aliyemsema.

Na mimi nikanyamaza. Nilichimba safu yangu, wifi akipita na fimbo anaelekeza kama bwana shamba: "Huku bado! Fukua mpaka uone nyekundu! Wewe, mke wa kaka, mbona mvivu?" Watu wananitazama wanione nitakavyolipuka. Nikasema, "Naam wifi." Nilimeza, na ilishuka vibaya.

Jua lilipokuwa kali pombe ikafunguliwa. Mzee akaonja, akafumba macho, akasema mbele ya watu wote, "Mwanamke huyu anapika! Tulikuwa tunadanganywa miaka yote na yule wa chini." Yule wa chini ni mimi. Wifi akasema asante sana, ni mazoea tu. Ni mazoea tu! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu mpaka nikaweza kurudi.

Tulimaliza kujaza samadi mchana ukikaribia kwisha. Mvua ilikuja siku chache baadaye, kubwa, ya radi, ikapasua njia. Nilikaa barazani naangalia maji yanavyoteremka kutoka shambani kwa wifi. Yalikuwa mekundu, rangi yetu. Binti mhandisi alikuwa ameniambia nisimpe mtu maji ya kunywa mpaka apime tena, na nilifunga kisima kwa mnyororo. Hao watu walinitukana! Wakasema nimelewa pombe ya wifi. Walikuwa wanakwenda kununua maji ya madumu kwa hasira huku wananisemea njiani, wifi akiwemo, dumu kichwani.

Plastiki ilifika mvua zikiwa zimeshaanza, bila hata aibu. Wakatandika, wakahamisha lundo kwenye matope, lori likakwama, tukasukuma. Korongo wakalifunika udongo wa mfinyanzi wakaushindilia, wakachimba mtaro wa kugeuza maji yasipite juu yake. Mvua zilipopungua binti akaja na vichupa vyake, akachota, akaenda. Hizo siku za kungoja sizielezi.

Akarudi mwenyewe, hakupiga simu. Aliingia uani, akaenda moja kwa moja kisimani, akaomba ufunguo. Akafungua mnyororo, akavuta ndoo, akachota kwa kata yangu akanywa mbele yangu, akamaliza.

"Mazima, bibi. Lakini nitapima kila baada ya mvua, usinichoke."

Nikamwambia nimeshamchoka zamani, akae ale.

Ndoo zikarudi kupangwa mpaka barabarani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa wifi, anawasimulia waliokuwa nyuma yake jinsi alivyowaita watu kwa pombe yake akakiokoa kisima. Nilimjazia ndoo. Mizabibu yake msimu huu imebeba mpaka matawi yanaegemea chini. Yangu imetoa majani tu.

Leo ninamiliki nyumba moja ya matofali ya kuchoma yenye bati. Vyumba vinne vya wapangaji, kimoja kinavuja. Mbuzi kumi na moja na ng'ombe jike mmoja. Mapipa mawili ya pombe, moja limetoboka. Mizabibu ekari moja pungufu. Kisima kimoja, maji matamu, mnyororo na kufuli yake. Samadi sina.